Flash Haikatwi Nusu

Shule niliachia darasa la tatu, lakini kuflash hakuna mtu wa kunifundisha. Nilipokuwa dereva wa lori, nikifika Salgaa namflash mama watoto mara moja: nimefika salama. Mara mbili: gari imeharibika. Simu ya mwenzako ikilia tu kidogo, unakata kabla hajashika. Ukichelewa akashika, kredo, yaani pesa ya simu, imekwenda. Mke wangu ana mkono mwepesi kuliko wangu. Aliwahi kumflash pasta katikati ya mahubiri, lakini hayo tuyaache.

Sasa 2008, vurugu za uchaguzi zilipotulia, binti yetu aliye ng'ambo akakataa kuamini sauti zetu kwa simu. Alisema tumeumizwa na tunamficha. Akatuma kompyuta ndogo, ndogo kweli, ukubwa wa Biblia ya kanisani, yenye kamera, atuone kwa macho. Na sisi tumwone mjukuu, maana alizaliwa hukohuko na nyanya yake hajamtia machoni.

Shida ikawa betri. Ile mashine haikuitambua betri yake, kama mlevi asiyejua mlango wa nyumba yake. Ilifanya kazi ikiwa kwa stima tu. Na hapa kwetu Kabazi mtandao haushiki ndani ya nyumba. Unashika nje, karibu na zizi, ambako hakuna stima. Ng'ombe wangu alikuwa na mtandao kabla yangu.

Nikaipeleka Nakuru kwa fundi mmoja Kalasinga, ambaye zamani alitengeneza redio za malori yetu. Akasema betri ni nzima. Iliyozeeka ni ile programu ya ndani kabisa, inayoamka kabla ya zingine zote. Inataka kuwekwa mpya. Lakini stima ya mjini siku hiyo ilikuwa inaenda ikirudi, hakutaka kubahatisha: ikikatika katikati ya kazi, mashine inakufa. Akanipa kile kidude cha kuchomeka ubavuni, nacho wanakiita flash, ile programu mpya, dawa yenyewe, ikiwa ndani, akanionyesha pa kubonyeza.

"Mzee, kaiflash nyumbani. Usiizime mpaka ijizime yenyewe."

Mke wangu nilimweleza yote, ila sijui kwa nini nilianza na neno flash. Baada ya hapo nafikiri hakusikia lingine. Alisimama kando ya soketi, mikono imefungwa kifuani. Nikabonyeza. Mstari mweupe ukaanza kutambaa kwa kioo. Akauliza inafanya nini.

"Inaflash," nikasema, kwa maringo.

Akachomoa waya.

Kioo kikawa cheusi tii. Akaniambia nisimwangalie hivyo, ingemaliza kredo yote. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, hata taa haikuwaka. Hapo ndipo aliponielewa, akakaa kwa stuli.

"Na mtoto?" akauliza.

Asubuhi tulirudi Nakuru pamoja. Fundi alimfanya mke wangu aeleze mara mbili, ya pili nadhani ilikuwa ya starehe tu. Halafu akasema kuna kipande kidogo ndani ambacho hakijafa, na kikiona ile dawa kitaamka. Akachomeka, akashikilia vitufe, tukangoja. Mstari ukarudi.

"Mama, hii si flash," akamwambia. "Hii tunapiga mpaka mtu aongee."

Mke wangu akaenda akashika plagi kwa mikono miwili, akaikandamiza ukutani kama anayezuia mbuzi mlangoni. Nafikiri stima yenyewe iliogopa kupotea. Ilipomaliza, mashine ikaijua betri yake.

Jumapili tukaipeleka zizini, juu ya debe. Binti akatokea, akatukagua mikono na masikio, akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyeridhika. Kisha akamwinua mtoto. Tukaona paji la uso na jicho moja kubwa, jeusi, likitutazama. Mke wangu akafungua mdomo amwite. Mtandao ukakatika.

Nikaanza kuitukana kampuni, fundi na hata ng'ombe. Yeye alikuwa bado anatazama kioo, anacheka, machozi yanamtoka.

"Nyamaza, baba," akasema. "Ametuflash. Anataka tumpigie."