Damu ya Bobi Ndani ya Simba

Mbwa wangu Simba yuko hai! Wacha niseme hilo kwanza, maana nikianza na ugonjwa nitalia hapa mbele yenu.

Mimi ni dereva wa lori, nyumbani mtaa wa Mbugangari. Tukishuka na viazi kutoka Bugeshi, Simba alikuwa analala juu ya magunia, na hakuna mwizi aliyethubutu kupanda kamyo yangu. Adui wake alikuwa mmoja, Bobi, mbwa wa jirani yangu Mama Yozefu, muuza samaki. Waling'atana hadi mimi na yule mama tukaacha kusalimiana.

Halafu Simba akakataa chakula. Mwili moto, mkojo mweusi kama kahawa. Kesho yake akashindwa kusimama. Nikambeba mpaka kwa daktari wa ng'ombe. Daktari akamfunua mdomo: fizi nyeupe, nyeupe kabisa!

"Kupe wamemutia ugonjwa unaokula damu," akasema. "Dawa nitamuchoma, lakini damu yake haitoshi. Leta mbwa mukubwa, muzima, wa kumutolea damu, sasa hivi."

Mukubwa, muzima. Yallah! Nilimjua mmoja tu.

Nikabisha kwa Mama Yozefu, nikamweleza yote. Akachukua kamba.

"Twende! We unasimama nini? Mbwa iko nakufa!"

Bobi akalazwa mezani, mdomo umefungwa, mama mwenyewe amemshika kichwa. Damu yake ikaingia kwa Simba. Wallahi, niliona ulimi wa Simba ukirudisha rangi! Nikapiga vigelegele kama mwanamke, daktari akanifukuza nje.

Mama Yozefu alipotoka akaniambia, "Bon, mbwa zetu zimenywana." Kwetu, watu walionywana damu hawagombani tena mpaka kufa.

Simba alipopata nguvu nikampeleka kwa Bobi, nangoja wapatane. Wapi! Akamrukia, vumbi tupu! Nami nikaruka kwa furaha. Juzi hakuweza kusimama, leo anapigana!

"Ona damu ya Bobi wangu!" Mama Yozefu akacheka mpaka akakaa chini.

Ndugu zangu, kagueni mbwa zenu masikioni, toeni kupe. Mukiona fizi nyeupe, musingoje, kimbieni. Alhamdulillahi, na daktari asante sana.

Mbwa wamekataa kunywana. Sisi wawili tumekubali: kila asubuhi napiga honi mlangoni kwa Mama Yozefu, napakia samaki wake, Simba na Bobi wakitukanana kila mmoja kwenye kamba yake.