Siku Niliyomwangukia Mkwe Wangu na Pazia la Rispa

Nisiposema mwenyewe watasema wengine, na hao wataongeza chumvi, kwa hivyo wacha niseme: ni kweli nilimwangukia mkwe wangu mapajani, mchana peupe, mbele ya wazee wa pande mbili, nikiwa nimefungwa ndani ya pazia kama samosa. Nyinyi mnaochekea pale kwa kiosk mkidhani sisikii, chekeni, lakini mjue habari yote, na mjue waliofanya ni kina nani, kwa sababu mimi majina sifichi. Wa kwanza ni Rispa, bibi ya shemeji yangu Wafula. Wa pili ni Josphat fundi. Wa tatu ni mimi, lakini yangu ni kidogo.

Mnaijua nyumba yangu hapa Langas. Nilitoka Burnt Forest nikiwa nimemshika Nafula mkono mmoja na sufuria mkono wa pili, nyuma yetu moshi, na sitaki kusema zaidi kuhusu hayo. Nyumba hii niliijenga mwenyewe, miti nikasimamisha, matope nikakandika kwa mikono hii, ndani nje, nikapaka nusu ya chini rangi ya kijani na nusu ya juu nyeupe, sakafu ya simiti nyekundu ninayoipiga polishi mpaka unaona meno yako. Ni fupi. Dirisha lake ni dogo, la mbao, na mabati yako karibu na kichwa. Viti vya mbao vilikuwa na vitambaa vyangu vya kushona na kulabu, vyeupe vyenye ukingo wa pinki, na mlango wa kwenda jikoni ulikuwa na leso tu kwenye kamba. Ukiingia kwangu unakaa, unanyamaza kidogo, halafu unaomba chai. Hiyo ndiyo kazi ya sebule, ama kuna ingine?

Sasa Nafula akapata mtu. Odhiambo, kijana wa watu wa Kisumu, anafanya kazi kule Plateau, mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Wazee wake wakatuma neno kwamba wanakuja kuulizia msichana. Mnajua mtoto wa mjane anavyoangaliwa. Wakija wakaona mama yake ni mtu wa ovyo, wanakunywa soda, wanasema asante, hawarudi. Nafula alikuwa hali chakula kwa sababu ya hiyo siku. Mimi pia nilikuwa nakula lakini sisikii utamu.

Hapo ndipo Rispa alifika. Yeye na bwana yake wanakaa upande wa Kapsoya, nyumba ya mawe, dari juu kabisa, madirisha kama ya benki. Akasimama katikati ya sebule yangu (hakukaa), akashika kitambaa kimoja kwa vidole viwili kama mtu ameshika panya aliyekufa.

"Mama Nafula, wakwe wanakuja na bado uko na hivi vitu?"

"Vina nini?"

"Ni vya kitambo! Ng'oa. Watasema tumetoka shambani jana."

Na mimi, sijui ni shetani gani, nikang'oa. Hiyo ndiyo ilikuwa kosa, na ilikuwa ndogo tu, kung'oa vitambaa.

Kwa sababu kitambaa kikitoka, kiti kinaonekana, na kiti chenyewe kilikuwa kimechanika mgongoni. Rispa akasema usijali, mimi niko na kochi yangu ile kubwa ya kona, nimenunua ingine, nitakuletea. (Baadaye ndiyo nilijua alikuwa anatafuta mahali pa kuitupa.) Kochi ikaja kwa mkokoteni, ikakataa kuingia, Josphat akaitwa, akang'oa fremu ya mlango, wakaisukuma wanaume wanne na kelele nyingi kama wanazaa. Ikaingia. Ikajaza nyumba kutoka ukuta mpaka ukuta, ikabakisha kijia cha kupita kuku. Sasa kochi ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na mbele yake ukuta wangu wa kijani ukaonekana kama ugonjwa, basi Rispa akaleta karatasi ya kubandika yenye maua makubwa kama kabeji. Karatasi ilipobandikwa, dirisha langu nalo likaonekana kama tundu la kuku. Rispa akaangalia, akaangalia, akasema dawa ni pazia. Si pazia ya dirisha. Pazia ya ukuta mzima, ile nzito ya rangi ya maruni, kutoka mabati mpaka chini, ifunike dirisha, ifunike na mlango wa jikoni, ndiyo wageni wafikirie nyuma yake kuna nyumba kubwa inaendelea.

Mimi nikamwambia Josphat, "Ile rodi ya chuma ya kutundika pazia igongee hapa, kuna mti." Nilimwonyesha kwa kidole. Miti ya nyumba hii naijua kama mbavu zangu.

Rispa akasema, "Hapana, juu zaidi, kama kwangu. Pazia ikianza chini nyumba inaonekana fupi."

"Lakini ni fupi," nikasema.

"Ndiyo maana!"

Sasa pale juu kabisa, kati ya mti wa mwisho na mabati, hakuna kitu, ni udongo tu nilijaza kuzuia upepo. Josphat aliangalia mimi, akaangalia Rispa, akaona ni nani amevaa viatu vizuri, akagonga misumari kwa udongo. Nafula aliingia kutoka kazini akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na sisi tutakaa wapi?"

Siku ikafika. Na hapa lazima nieleze desturi kwa wale watoto wa siku hizi. Kwetu sisi Wabukusu, mama wa msichana na mkwe hawakutani ovyo. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakigusana ni mwiko, na hata kwa Wajaluo ni hivyo hivyo. Wageni wakija kuulizia, mama anakaa jikoni kwake. Hasemi kitu. Lakini anasikia kila kitu, na ile leso yangu ilikuwa imetengenezwa kwa kazi hiyo: unakaa nyuma yake na sufuria yako, unasikia mpaka mtu akimeza mate, na hakuna anayekuona. Pazia ya Rispa ilikuwa kama godoro. Wageni waliingia, nikasikia viatu, nikasikia maombi kama nyuki ndani ya chupa, halafu Mzee Ogola, mjomba wa Odhiambo aliyekuja kuwasemea, akaanza kuongea na mimi nikawa nasikia "mm-mm-mm" peke yake.

Wanauliza mtoto wangu, na mimi sisikii!

Nikasogea. Nikaweka sikio. Nikasikia "...mama yake ni mtu wa..." halafu basi. Mtu wa nini? Mtu wa wapi? Nikabonyeza sikio zaidi, nikashika pazia kwa mikono miwili nijisimamishe kwa vidole vya miguu (mnajua mwili wangu si wa kusimama na vidole), na hapo nikasikia mabati yanasema krrr.

Rodi ilitoka na ukuta. Sisemi misumari, nasema ukuta, bonge la udongo kama mkate, vumbi jeupe, na karatasi ya kabeji ikafuata ikichanika kutoka juu mpaka chini, na mimi ndani ya pazia, sioni kitu, nikaenda mbele, nikakanyaga pazia, nikaenda zaidi, nikakaa. Nilikaa mahali pa laini. Nikafikiri ni kochi. Halafu ile kochi ikasema, "Uwi! Mama!"

Nilijua hiyo sauti ya kuogopa kuamsha mtoto.

Walipofunua pazia kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeenda, nywele zangu zimesimama zina udongo, na Odhiambo chini yangu ameinua mikono miwili juu kama mtu amekutana na majambazi, asinishike. Mzee Ogola koti lake jeusi lilikuwa limekuwa jeupe. Na Rispa alikuwa amepigia ukoo wote wa Bungoma kwa simu ya kuonana, ati waone sebule, basi simu ikawa inapiga kelele juu ya meza, "Nani amekufa? Wafula! Nani amekufa hapo?"

Nilirudi jikoni kwa magoti.

Wageni wakatoka nje. Wakati watu wametoka nje hivyo bila kumaliza soda, mjue mambo ni mabaya. Nafula alikuja akainama karibu na jiko, hakulia, alisema tu, "Mama, wanaenda?" Nilikaa pale nikifikiria nimenusurika moto nije nimalizwe na pazia.

Halafu nikasikia Rispa. Kwa sababu sasa ukuta ulikuwa na shimo na mlango wa nje uko wazi, nilisikia vizuri sana. Alikuwa anawaambia wazee pale uani, "Mtusamehe, huyu shemeji yangu hakusoma, tabia yake ni kusikiliza watu mlangoni. Mimi nilijaribu kumnyoosha."

Kunyoosha! Nikainuka. Sikutoka nje, desturi ni desturi. Nilisimama nyuma ya ule ukuta, mahali hawanioni, nikaongea kupitia shimo.

"Wazee, salamu. Mimi ndiye mama."

Nikasikia viatu vinageuka upande wangu.

"Mimi nilikuwa jikoni kwangu, mahali pa mama, kama mlivyofundishwa na mimi nilivyofundishwa. Sikutoka. Ukuta ndio ulitoka. Swali langu ni moja: mkwe anakaa wapi akija kuulizia?"

Mzee Ogola akakohoa vumbi. "Kwa mlango wa nje, Mama."

"Na huyu alikuwa amekaa wapi?"

Hapo wakaangaliana. Kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kona ya kochi, mgongo kwa mlango wa jikoni kabisa, karibu anisikie nikipumua.

"Odhiambo," Mzee akasema, "nani alikuweka pale?"

"Ni Auntie Rispa. Nilitaka kukaa hapa mlangoni na kigoda, akasema nitaharibu picha. Na hakukuwa na nafasi ingine, Mjomba, kochi imejaa."

"Na hiyo rodi iliwekwa na nani kwa matope?" nikauliza. "Josphat, uko hapo, nimesikia ukitafuna."

Josphat akameza chapati. "Mama alinionyesha mti. Auntie akasema juu zaidi."

"Kwa nini juu zaidi?" Mzee Ogola akamuuliza Rispa, na naapa aliuliza kwa upole.

"Ndiyo nyumba isionekane fupi," Rispa akasema, na sauti yake sasa ndiyo ilikuwa fupi.

Mzee alicheka. Alianza polepole halafu akashindwa, akashika mti wa ua, na mama yake Odhiambo, mama wa heshima ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, naye akacheka mpaka akajifuta macho na mkoba. Akasema, "Huyu mama ameteswa, na sisi tulikuwa karibu kumwacha." Hapo hapo wazee wakakaa kando wakaamua: mguso umetokea, lazima uondolewe, atachinjwa kondoo. Na kondoo atatoka kwa nani? Si kwangu, mimi nilikuwa mahali pangu. Si kwa kijana, yeye alipelekwa.

"Kondoo ni wa Rispa," akasema Wafula, bwana yake mwenyewe! Nilimpenda huyo shemeji siku hiyo kuliko siku zote.

"Mimi? Kondoo? Na nilileta kochi?"

"Na kochi utaenda nayo," nikasema kupitia shimo.

Mazungumzo yakaendelea pale pale uani kwa viti vya kuazima vya kanisa, na mimi nikasikia kila neno, nani anatoka wapi, nani anataka nini, mpaka Mzee Ogola akasema kwa sauti makusudi, akiangalia ukuta, "Mama, umesikia? Msichana tumempenda, na nyumba aliyotoka tumeijua." Nafula alinishika mkono akaufinya mpaka nikaumia. Jioni Josphat alikata mkono mmoja wa kochi kwa msumeno ndiyo itoke, mkokoteni ukaipeleka Kapsoya ikiwa kilema, pazia juu yake, na Rispa akitembea nyuma yake na viatu vyake vizuri ndani ya matope ya Langas.

Mimi nimejifunza, na nasema wazi kwa sababu nililipia kwa aibu. Nyumba fupi ipambe kwa ufupi wake. Ukiangalia kuta zako, dirisha lako, mabati yako, zitakuambia zinataka nini, na kama hazijasema kochi ya dhahabu usiilete. Kitu kimoja kigeni kikiingia kinaanza kucheka vingine, na hakitaacha mpaka ubadilishe vyote, na mwisho wake utajikuta umemkalia mtu. Mtu akija kwangu sasa aseme "hapa pangekaa vizuri na," hamalizi, namnyamazisha kwa chai.

Na Odhiambo? Harusi ilifanyika, wanaishi vizuri. Lakini mpaka leo akiniona naja upande ule wa barabara, anavuka, anasimama ndani ya mahindi ya watu, anainua mikono miwili juu na kuniambia shikamoo kwa sauti ya kuita ng'ombe. Hapa Langas nzima hakuna mama mkwe anayeheshimiwa kutoka mbali kama mimi.