Siku Nilipomwacha Mwalimu Njiani

Nilikuwa na miaka thelathini na nne kiwanda kilipotufungia geti. Ilikuwa zile enzi za ruksa, mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na sisi mafundi wa mashine tuliozoea ovaroli za bluu tukajikuta mtaani tunajifunza biashara. Mke wangu na watoto walikwenda Rombo kwa mama yangu kungoja mambo yatengemae. Mimi nikabaki Arusha, nikapanga chumba kimoja Kaloleni, nikaanza kuuza viatu vya mtumba. Kila asubuhi nilitandika turubai kando ya ukuta wa uwanja wa mpira, nakung'uta viatu vumbi, navipanga viwili viwili, halafu nakaa juu ya ndoo nikisubiri mteja.

Kukaa kule ndiko kulikoniumiza. Kiwandani nilikuwa mtu wa kuitwa. Mashine ikikorofisha, watu walinitafuta mimi. Pale ukutani hakuna aliyenitafuta. Nilinenepa tumbo, nikaacha kwenda kanisani kwa kuona haya, na barua za mke wangu nikawa nazijibu kwa mistari mitatu.

Siku moja akaja mtu mzima wa kama miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, koti lake limekuwa jeupe kwa chaki mkono wa kulia. Nilijua ni mwalimu kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nataka raba. Za kukimbilia, siyo za kutembelea."

Nilimpa jozi nyeupe. Hakuuliza bei kwanza. Aliikunja soli katikati, akaiachia, akaikunja tena, kama mtu anayejaribu chemchemi. Nikamuuliza anakimbilia wapi. Akaniambia kwamba kila siku kabla ya kwenda shuleni anatoka kwake Moshono, anakimbia mpaka mjini na kurudi.

"Unamkimbia nani, mwalimu?"

"Nikikaa nawaza," alisema. Kisha akanitazama vizuri pale nilipokaa juu ya ndoo. "Na wewe, ero, naona unakaa sana."

Yeye alikuwa Mwarusha, na hilo neno "ero" ndilo Waarusha wanalomwita mwanamume aliye rika lako au mdogo wako. Sikuchukia. Aliniambia Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi atapita daraja la Kijenge, na kama nataka nimngoje pale. Alilipa, akaondoka amezivaa raba, viatu vyake vya kazini kavishika mkononi.

Sijui kwa nini nilikwenda. Nilivaa suruali ya ovaroli niliyoikata magotini. Tulipoanza kupanda upande wa pili wa mto nilitapika. Mwalimu alisimama pembeni, mikono kiunoni, hakucheka wala hakunipa pole.

"Tembea," alisema. "Ukipata pumzi utakimbia."

Jumamosi ile nilitembea zaidi ya nilivyokimbia. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena. Baada ya miezi mitatu tukawa tunakimbia siku nne kwa wiki, Mlima Meru uko wazi kabla mawingu hayajaufunika, kina mama wanashuka na madumu ya maziwa wakielekea mjini. Walimwamkia yeye, na mimi wananishangaa. Mtu mzima kukimbia barabarani bila kufukuzwa na polisi lilikuwa jambo geni. Watoto walituuliza mwizi yuko wapi.

Mwalimu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifundisha hesabu darasa la saba, na alipenda namba. Alikuwa na saa ya mkono ya zamani, na tukimaliza aliniambia tumetumia dakika ngapi na jana zilikuwa ngapi. Kutoka kwake nilijua kwamba mwili wangu unaweza kupimwa, na kwamba vipimo vyake vilikuwa vinapanda. Nilianza kulala vizuri. Nilianza kumwandikia mke wangu barua ndefu.

Ndipo zikatangazwa mbio. Nusu marathoni, kuanzia pale pale uwanjani, kuteremka barabara ya Moshi mpaka karibu na Tengeru, kugeuza na kurudi mjini. Mtu yeyote aliruhusiwa kujiandikisha. Mwalimu alituandikisha wote wawili bila kuniuliza, akaja kwenye turubai na karatasi mbili zenye namba.

"Tutaanza pamoja, tutamaliza pamoja," alisema.

Tukapeana mikono.

Asubuhi ya mbio, ilikuwa Jumapili, nilimkuta amekaa kwenye nyasi, kimya kuliko kawaida yake. Nilipomuuliza akasema hakulala vizuri, ng'ombe wake alikuwa anazaa. Nilimfunga namba kifuani kwa pini, yeye akanifunga yangu. Mbele yetu walijipanga vijana wembamba kutoka vijiji vya mlimani, wale wa kushinda. Sisi tulisimama nyuma na watu wa aina yetu: makarani, mapadri wawili, wazungu wa hapa na pale, mama mmoja aliyevaa sketi ndefu na miguu mitupu.

Kuteremka hakukuwa na taabu. Barabara inashuka kutoka mjini mpaka Tengeru, na mtu asiyejua hujiona shujaa. Mwalimu alijua. Kila nilipotaka kukaza alinishika mkono. "Hii njia tutairudi," alisema. Tulikunywa maji, tukazunguka pipa lililowekwa katikati ya barabara, na kuanzia pale kila hatua ikawa ya kupanda.

Kilomita mbili tatu baada ya kugeuza nikamsikia pumzi imebadilika. Alikuwa akihema kwa mdomo, jambo alilonikataza mimi siku zote. Nikapunguza. Akapunguza zaidi. Na mimi, kwa bahati yangu mbaya, siku ile miguu ilikuwa myepesi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mbele yetu kulikuwa na mwanamume mwenye fulana ya kijani ambaye nilikuwa nimemtazama mgongo tangu mwanzo, na sasa alikuwa anachoka. Nilimwona anachoka.

Mwalimu naye aliniona ninavyomwangalia yule mtu.

"Ero, nenda."

"Tulikubaliana, mwalimu."

"Nenda. Nitakukuta uwanjani."

Nilimtazama usoni. Nimeyaeleza mambo haya kwa watu mara kadhaa, na mara za kwanza nilipapita hapa haraka. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Jicho la kushoto lilikuwa linapepesa lenyewe. Nikisema sikuona nitakuwa mwongo. Niliona, na nikajiambia ni jasho. Tangu kiwanda kifungwe nilikuwa sijamshinda mtu yeyote kwa lolote, na mwenye fulana ya kijani alikuwa hatua hamsini mbele yangu.

Nikaenda.

Nilimpita kabla ya kufika Sanawari, na baada yake nikapita wengine sita. Niliingia uwanjani watu wakipiga makofi, siyo kwa ajili yangu, walikuwa wanampigia kila mtu, lakini mwili wangu haukujua tofauti. Saa moja na dakika hamsini na mbili. Nikavishwa medali. Nikasimama getini, medali shingoni, kumngoja mwalimu nimwonyeshe.

Wakaingia mapadri. Akaingia mama wa miguu mitupu. Akaingia mzungu mmoja mnene anatembea, uso mwekundu, na watu wakamshangilia kuliko mshindi. Kisha wakaanza kukunja kamba. Nilimuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anagawa maji barabarani, ambaye alikuwa amerudi na gari la vyombo, kama amemwona mzee mrefu mwenye raba nyeupe.

"Yule aliyeanguka?" aliuliza. "Wamempakia kwenye pikapu. Wamempeleka hospitali."

Nilikimbia tena, kutoka uwanjani mpaka hospitali, na hizo ndizo mbio ngumu zaidi nilizowahi kukimbia. Mke wake alikuwa amekwishafika, kavaa nguo za kanisani, kitabu cha nyimbo bado kiko mkononi. Nilikuwa nimewahi kula kwake mara nyingi, nilimwita mama ingawa hakunizidi sana umri. Daktari alikuwa amemwambia ni kiharusi, upande mzima wa kushoto.

"Mlikuwa pamoja alipoanguka?" aliniuliza.

Medali ilikuwa bado shingoni. Niliiingiza ndani ya fulana.

"Alikuwa nyuma yangu kidogo," nikasema.

Mama akatikisa kichwa na kunishukuru. Ndiyo, alinishukuru kwa kuja. Nilikwenda nikasimama nje ukutani, na nikashindwa kulia.

Mwalimu alikaa hospitali wiki tano, kisha akarudishwa nyumbani. Tangu hapo nikawa naenda Moshono kila Jumapili mchana. Nilimshika kwapani, tukawa tunatembea kutoka mlangoni mpaka zizini na kurudi, mguu wa kushoto ukichora mstari kwenye vumbi. Maneno yalikuwa hayatoki. Alisema "ndiyo" alipotaka kusema "hapana", akakasirika, akapiga kiti kwa mkono uliobaki. Mama alituletea loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, na alinipa bakuli kubwa kuliko la watoto wake wakubwa waliokuwa wamekuja likizo.

"Mungu akubariki," aliniambia kila nilipoondoka. "Marafiki zake wa shuleni hawaji tena. Wewe unakuja."

Sikuweza kuvumilia baraka ile. Mara mbili niliondoka nikiwa nimeamua sitarudi. Nikarudi, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kumwacha mara ya pili.

Masika yalipoanza, mvua ikatukatiza mazoezi, tukakaa sebuleni sote watatu. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, macho nje kwenye migomba.

"Mama," nikasema, "nilikudanganya siku ile hospitali."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

Nikamweleza yote. Nilimweleza midomo, nikamweleza jicho. Nilimwambia kwamba tulikuwa tumekubaliana kumaliza pamoja, kwamba alinituma niende na mimi nikatumika upesi kuliko inavyostahili. Sikumficha mwenye fulana ya kijani. Nilipomaliza, nikajua atanifukuza.

"Alikuwa anaumwa kichwa tangu Alhamisi," alisema, bila kuniangalia. "Alikwenda zahanati, wakampima presha, wakamwambia apumzike. Alinikataza nisikuambie. Alisema utakataa kukimbia bila yeye, na wewe unahitaji kukimbia."

"Alisema ng'ombe anazaa."

"Ng'ombe hakuwa na mimba." Akachagua jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Mimi ndiye niliyempasia bukta ya kukimbilia asubuhi ile. Nilijua, na nikapasi. Sijamwambia mtu. Hata mchungaji."

Si kwamba tulisameheana. Sidhani kama yeye au mimi tulikuwa na mamlaka hayo. Lakini nilimsaidia kuchambua yale maharage, na aliuvuta ungo ukawa katikati yetu.

Mwalimu tulikuwa tumemsahau. Watu humsahau asiyesema, wanadhani pia hasikii. Tulisikia amegonga kiti. Alikuwa amenigeukia, na mdomo wake ulikuwa unafanya kazi, upande mmoja ukiuvuta mwingine.

"U-li-ma-li-za?"

"Nilimaliza, mwalimu."

Akanyoosha kidole kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, pale ilipokuwa ikikaa saa. Nilielewa. Karibu miezi minane nilikuwa nimemficha, nikiona kuitaja ile namba mbele yake ni kumtukana.

"Saa moja na dakika hamsini na mbili."

Akafumba macho. Midomo ilikuwa inahesabu. Niliogopa amepata maumivu, mama pia alinyanyuka nusu. Kisha akafumbua.

"Hamsini na m-bi-li," alisema, na hilo "mbili" alilitamka karibu sawasawa. "Ungeweza ha-m-si-ni."

Mama aliweka ungo chini, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Mwalimu aliishi miaka mitatu mingine. Alifika mahali pa kutembea kwa fimbo mpaka barabarani, na watoto wa shule wakipita alikuwa anawatolea hesabu za kichwa. Waliokosa aliwarudisha nyumbani wakafikirie. Mke wangu na watoto walirudi kutoka Rombo mwaka wa pili, nikawapeleka Moshono wamsalimu. Kiharusi cha pili kilimkuta akiwa kwenye kiti chake, mchana wa jua, na safari hii hakikumwachia nafasi.

Tulimzika nyumbani kwake, kwenye migomba, kama wazee wa kule wanavyozikwa. Mchungaji alisoma, kwaya ya shule ikaimba. Nilisimama nyuma kabisa, na watu wa mtaani. Kabla ya jeneza kunyanyuliwa mama alituma mtu kuniita, akaniweka kati ya wadogo wa marehemu.

"Huyu anabeba," aliwaambia. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyeuliza.

Tulimbeba kutoka sebuleni, tukapita zizini, mpaka kaburini. Si mbali. Udongo ulikuwa umelowa, na mdogo wake wa mwisho, aliyebeba upande wa pili, aliteleza, uzito wote ukanijia begani. Nikasimama imara mpaka akapata kukanyaga. Kisha tukaenda taratibu, hatua moja, hatua nyingine, hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake.