Mgongo wa Mkwe Wangu

Wanangu, mmeniuliza nimezeekaje hapa Songea na mguu huu, na bado nalima na kucheka. Sitawaficha. Kabla ya vita vya Majimaji nilikuwa na mume, wana wawili wa kiume, binti mmoja na vihenge vilivyojaa ulezi. Nilikuwa mkali pia. Mume wa binti yangu akisikia tu kikohozi changu, alipinda njia. Kwetu Wangoni mama mkwe na mkwe wake hawagusani, wala hawatazamani usoni.

Vita vikanimalizia mume na wana wote wawili. Wadachi wakachoma vihenge, tukala mizizi. Mwili ulipokwisha nguvu, funza wakaniingia vidoleni. Mguu ukavimba, ukatoa usaha, nyama ikaoza hata mimi mwenyewe nikawa naziba pua.

Tukasikia kwamba Peramiho wamisionari wanatibu vidonda. Mkwe wangu akamtuma binti yangu aniambie kuwa atanibeba yeye, nifunikwe uso kwa kaniki. Nikakataa. Nilisema heri nife na heshima yangu. Basi binti yangu akanibeba mwenyewe, naye amekonda mbavu zinahesabika, mumewe akitutangulia kwa mbali na kibuyu cha maji.

Siku ya pili, kwenye mwinuko, magoti yake yalikunjika. Alinishusha taratibu, akaomba maji. Nilimwita mumewe kwa sauti yangu yote, lakini alipofika na kibuyu, mwanangu alikuwa amekata roho.

Tulimzika palepale, mimi nikifukua udongo kwa mikono, nimekaa. Kisha mkwe wangu akachuchumaa mbele yangu, akanipa mgongo.

"Mama, panda," alisema. "Nimebaki na wewe tu."

Nikapanda. Nililia hadi mabega yake yakalowa.

Mmisionari alinikata vidole vitatu, akawa anakiosha kidonda kila asubuhi kwa maji ya chumvi. Nilipiga mayowe, mwisho nikapona. Mvua zilipoanza nilikuwa natembea na fimbo.

Sasa mkwe wangu na mimi tunakula chungu kimoja, watu na waseme. Namshukuru Mungu, namshukuru na yeye. Mnadhani uzee mwema ni mwili usiouma? Wangu unauma kila siku. Mtu wako akiinama akubebe, panda siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa siku mbili, nikamzika mwanangu.