Nilishuka Mnarani Bila Kumwambia Mtu

Siku ndege ya dada yangu ilipoanguka, ufunguo wa kuwasha taa ya mnara ulikuwa mfukoni mwangu.

Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni, nachekesha watu.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa masihara, hata msibani sikosi la kusema. Hili limenishinda kulifanyia utani. Nimelibeba muda mrefu, leo nalitua hapa.

Nilipomaliza kidato cha nne sikupata pa kwenda, nikapata pa kupanda. Redio moja ya mjini ilikuwa inatafuta mtu mwepesi asiyeogopa kimo. Mimi utotoni nilichapwa miaka mitatu mfululizo kwa kosa moja tu, kukaa juu ya paa. Nikachukuliwa siku hiyohiyo.

Mnara wao uko mlimani. Mita tisini, mwembamba kama mtu aliyetoka kuugua. Hausimami kwa nguvu zake, umeshikiliwa na nyaya za chuma pande tatu, zinazotoka juu na kushuka kwa mshazari mpaka mbali kabisa na shina lake.

Ukiwa angani nyaya hizo huzioni. Marubani wanaziogopa kuliko mnara wenyewe.

Na chini ya mlima kuna uwanja mdogo wa ndege. Ndiyo maana kule kileleni iko taa nyekundu, inawaka usiku na mchana.

Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi, kukaza nati na kubadilisha balbu ya taa hiyo.

Fundi Mkuu alinipa sheria mbili siku ya kwanza.

"Kijana, kabla ya kupanda unazima umeme wa taa kwa ufunguo huu, halafu ufunguo unakaa mfukoni mwako. Si kwangu, si kwa mlinzi. Asije mwehu mmoja akakuwashia umeme ukiwa juu, tukakushusha na koleo."

"Na ya pili?"

"Unampigia simu mwongoza ndege pale uwanjani, unamwambia taa imezimwa, kuna mtu juu. Ukishuka unawasha, unampigia tena. Ukisahau simu ya kwanza nakufukuza kazi. Ukisahau ya pili..."

Akanitia ufunguo mkononi.

"Usisahau ya pili."

Sheria hiyo ilinihusu mimi kuliko mtu mwingine yeyote, maana dada yangu alikuwa rubani.

Alinizidi miaka tisa. Alirusha kindege kidogo cha kupeleka dawa kwenye zahanati za mbali. Picha yake akiwa na sare ilitundikwa sebuleni. Yangu ilikuwa kwenye albamu, ukurasa wa mwisho, nimefumba macho.

Aliniita Tumbili. Jina likaenea mpaka uwanjani. Marubani wote wakajua, wakiona taa ya mnara imezimwa, Tumbili yuko juu.

Yeye akinipita alikuwa anainamisha bawa moja kunisalimia. Mimi nanyanyua spana.

Asubuhi ile tulikunywa chai pamoja, mama akitumiminia.

"Leo unafanya nini?" dada akaniuliza.

"Nabadilisha balbu. Ile ya zamani inapepesa kama jicho la mwongo."

"Kinyoe kwanza hicho kichwa. Nitapita pale nidhani mnara umeota manyoya."

"Wewe endesha ndege, kichwa niachie mwenyewe."

"Mama, mwambie huyu. Kunguru watataga humo."

Mama hata hakugeuka. "Mimi simo. Nilizaa wawili, wote mkakataa kukaa chini kama watoto wa wenzangu."

Tulicheka mpaka dada akapaliwa na chai.

"Unarudi saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kabla ya saa kumi na moja. Nikukute umenyoa."

Akachukua begi lake, akaondoka.

Saa sita mchana nilizima taa, nikatia ufunguo mfukoni, nikapiga simu ya kwanza.

"Haya Tumbili," mwongoza ndege akasema, "usidondoke. Leo niko peke yangu, sina wa kumtuma kuja kukuokota."

Nikapanda.

Saa tisa kasoro robo nilikuwa nimemaliza. Wingu likaanza kushuka mlimani kama blanketi. Mvua ikanikuta katikati ya ngazi. Nilifika chini nimelowa chapachapa, na gari la redio limeshawashwa.

"Unakuja au nikuache na mvua yako?" dereva akaniita.

Nikarukia ndani.

Sikuwasha taa. Sikupiga simu ya pili.

Ningependa kuwaambia kulikuwa na dharura. Haikuwepo. Nilikuwa nawahi kinyozi kabla hakujajaa watu, ili dada asinicheke.

Saa kumi na dakika arobaini, baada ya foleni ndefu, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, mtu akasukuma mlango wa kinyozi.

"Kuna ndege imeanguka mlimani, kule kwa redio."

Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe. Ukakuta ufunguo.

Nilitoka na kichwa nusu, nikadandia pikipiki ya mtu nisiyemjua.

Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo nilipogeuka mtu nisiyemtaka.

Watu walikuwa wanakimbilia nyuma ya mlima, kwenye moshi. Miguu yangu haikwenda huko. Ilikwenda kwenye kibanda cha umeme. Nikachomeka ufunguo, nikazungusha. Taa ikawaka.

Halafu ndipo nikakimbilia kwa dada yangu.

Waya mmoja wa mnara ulikuwa umekatika, unaning'inia kwenye mvua. Dada alikuwa peke yake ndani ya ndege. Walikuwa wameshamfunika. Nilimjua kwa viatu.

Wakuu wa uwanja wa ndege walipofika waliikuta taa inawaka. Wakaniuliza.

"Nilishuka saa tisa, nikawasha," nikasema. "Simu ndiyo haikushika, mtandao ulikuwa mbaya kwa mvua."

Mlinzi alikuwa amejificha mvua, dereva alikuwa ndani ya gari, hakuna aliyeona chochote. Maneno yangu yakasimama.

Ikawa mtaani wanasema rubani alikosea. Taa iliwaka, yeye akaupamia mnara. Nilikuwa dukani kwenye foleni nikamsikia mtu anasema, "Ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke usukani." Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikaangalia chini.

Mama naye alisikia. Akaacha kwenda sokoni.

Miezi minne baadaye tuliitwa kwenye chumba cha uchunguzi. Meza ndefu, jagi la maji, feni inayolia. Mama alikaa kushoto kwangu, Fundi Mkuu nyuma yetu.

Mchunguzi wa ajali akasema kuna sauti zilizorekodiwa kati ya rubani na mwongoza ndege, ambazo mpaka siku ile zilikuwa kwao tu. Akamuuliza mama kama angependa kutoka nje.

"Nitoke niende wapi?" mama akasema.

Mchunguzi akabonyeza kitufe.

Sauti ya dada ikajaa chumba. Ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi iko wapi.

"Taa ya mnara wa redio siioni."

"Waliizima saa sita kubadilisha balbu," mwongoza ndege akajibu. "Hawajapiga simu kusema wameshuka."

Tukasikia mvua na injini.

"Kwa hiyo Tumbili bado yuko juu? Na mvua yote hii?"

"Sijui. Hajanipigia."

"Huyu mtoto ana kichaa." Akacheka kidogo. "Mpigie Fundi wake amshushe. Njia yangu ya kawaida inapita karibu naye mno, nikimtokea ghafla kwenye wingu atashtuka aachie mikono. Nazunguka nyuma ya mlima."

"Huko wingu liko chini sana."

"Najua. Nitakwenda taratibu."

Baada ya hapo hakuna kitu. Mvumo tu.

Mchunguzi alieleza kwa upole. Njia yake ya kawaida ilipita karibu na mnara lakini nje ya nyaya, hata bila kuiona taa angefika kwa vipimo vya ndege yake, kama alivyofika mara mia. Aliiacha njia hiyo ili asimwangushe mtu. Na kule nyuma, bila kuiona taa ya kumwonyesha mnara uko wapi, alidhani anaukwepa, kumbe anaufuata.

Alikuwa anamkwepa mtu ambaye hayupo.

Nilisubiri mama anipige. Nilitamani anipige.

Mama alimwinamia mchunguzi. "Baba, rudisha pale anapocheka."

Akarudisha.

"Tena."

Akarudisha tena. Mara ya tatu mchunguzi mwenyewe alikuwa anafuta miwani.

Ndipo mama akasema, bila kunitazama, "Ulikuwa wapi?"

"Kwa kinyozi, mama."

"Na taa?"

"Niliiwasha baadaye. Alipokuwa ameshaanguka."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia ndefu.

Nikasimama nikasema yote, wakaandika yote. Ripoti ilipotoka ilisema rubani hakuwa na kosa. Mama aliikunja akaenda nayo sokoni, akamwonyesha kila aliyekuwa na mdomo. Mimi kazi ilikwisha, na adhabu niliyopewa nimeitumikia hadi siku ya mwisho.

Bado tunaishi nyumba moja. Mama ananisemesha. Ananiambia bomba linavuja, ananiambia nile. Hajawahi kunifukuza. Kuna siku natamani angenifukuza.

Ndugu msomaji, sina hekima ya kukupa zaidi ya hii. Ukimaliza, sema umemaliza. Ukifika, sema umefika. Ukishuka, sema umeshuka. Usijione mtu mdogo ambaye hakuna anayesubiri habari zake.

Kuna mtu anayekupenda, yuko gizani sasa hivi, anapita njia ya hatari kwa sababu anadhani bado uko pale ulipomwambia.