Kifungu cha Miezi Sita

Katika kitengo chetu cha sheria tulimwita Mama Mkasi. Ukimpelekea barua ya kurasa tatu inarudi moja, nayo imejaa wino mwekundu. Mimi ni karani wake, nimemchapia miaka kumi na tisa, na siku nyingine nilitamani kumfichia kalamu.

Miaka yote hiyo aliitetea Wizara mahakamani bila kuwa wakili. Sheria iliruhusu: mwanasheria wa serikali alisimama kwa barua yake ya ajira tu. Mwaka jana ukaja muswada wa kubadili hilo. Asiyeapishwa na kuingizwa kwenye orodha ya mawakili asisimame tena mbele ya jaji, hata akiwa wa serikali. Rasimu ikaletwa kwake aipitie. Kifungu cha mwisho kiliwapa waliomo kazini miezi sita ya kujiandikisha.

Akakikata kwa mstari mwekundu.

"Mama, hicho si kinakuhusu wewe?" nikamuuliza.

"Jambo lililo wazi la nini kuliandika? Hakuna jaji atakayemtoa mtu siku ya kwanza. Chapa."

Nikachapa. Wakubwa hawakugutuka, Bunge halikugutuka, na Ijumaa sheria ikatangazwa, ikianza kutumika siku hiyo hiyo.

Jumatatu tulikuwa na shauri la kiwanja cha zahanati, ambacho mfanyabiashara mmoja alidai ni chake. Mama Mkasi alikuwa amelibeba miaka minane. Alilijua kila jiwe la mpaka, na alijua hata dawa za presha za shahidi wetu, nesi mstaafu. Ilibaki nesi atoe ushahidi, kisha hoja za mwisho.

Hata hajamaliza kujitambulisha, wakili wa mfanyabiashara akainuka na pingamizi. Bwana huyo alijifunzia kazi ofisini kwetu, chai yetu kainywa sana. Lakini alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma.

Jaji akamtazama Mama Mkasi kwa huruma. "Nadhani walioandika sheria walisahau tu kuweka muda wa mpito. Kama ni kusahau, naweza kutazama nia yao. Unasemaje?"

Alitakiwa kuitikia tu, basi. Nikaomba moyoni aitikie.

"Hawakusahau, Mheshimiwa. Kifungu kilikuwemo. Nilikiondoa mimi."

Jaji akavua miwani. "Basi siwezi kurudisha kilichoondolewa kwa makusudi."

Shauri likashikwa na msaidizi wa Mama Mkasi, binti aliyeapishwa miaka miwili iliyopita. Mama mwenyewe akaja kukaa nami viti vya wasikilizaji. Nesi alipopanda kizimbani alimtafuta kwa macho, akamwona huko nyuma, akababaika hadi swali likarudiwa mara mbili. Nilimwonea huruma, na Mama nilimkasirikia, Mungu anisamehe.

Tulishinda. Hukumu ina jina la binti, naye aliifanyia kazi. Mama aliisoma yote, akampa mkono, akarudi mezani kwake.

Wiki iliyofuata alinipa fomu ya kuomba kuapishwa nimjazie kwenye kompyuta. Nikajaza jina, elimu, cheo. Nikafika penye miaka aliyofanya kazi ya uwakili, nikamgeukia.

"Andika sifuri," akasema.

"Mama, hiyo siwezi."

Akavuta kibodi, akaiandika mwenyewe.