Mikono Wazi Mpaka Kashebere

Niliondoka Nyamitaba kwa sababu ya swali moja. Mama alitaka kujua kama Papa atakuja nyumbani kwa Idi, na alitaka swali hilo lipelekwe kwa kinywa, si kwa simu. Papa alihamia Kashebere, upande wa Walikale, tangu nilipokuwa namaliza shule ya msingi. Anauza chumvi, sabuni na mafuta ya mawese kando ya barabara. Vitu vyake vinatufikia. Yeye hafiki.

"Utaenda weye," Mama akasema, huku akichambua maharage.

"Miye?"

"Ee. Ao kuko Saida mwingine mu hii nyumba?"

Wanaonijua wanaelewa kwa nini moyo ulinipiga. Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikitaka kwenda chooni, nangoja mwenzangu aombe ruhusa halafu namfuata. Sasa nimwulize Papa jambo kubwa namna hiyo? Lakini pia furaha ilinijaa mpaka nikashindwa kula daku. Sikuwa nimewahi kuvuka Masisi Centre. Ilikuwa Ramadani, walimu walikuwa wamegoma, na mimi nilikuwa nakwenda Walikale juu ya lori.

Mama aliponifunga kitenge begani aliniambia, "Uko mu safari, tena umefunga. Iyo ni milango mbili wazi. Omba sana, mwanangu."

Nikaitikia. Sikumwambia kwamba sijui kuomba. Nilikuwa na dua nilizohifadhi madrasani kwa Kiarabu: ya kula, ya kulala, ya kuingia chooni, ya kufuturu. Hakuna hata moja inayomtaja Papa.

Asubuhi, barabarani. Lori lilikuwa la Papa Kambale, mfanyabiashara Mkatoliki wa Butembo ambaye Mama anamwamini kwa sababu anaendesha polepole na anapiga kelele nyingi. Juu ya magunia nilikaa na jirani yetu Mama Furaha, mfugaji, aliyekuwa anapeleka jibini sokoni. Ukungu ulikuwa bado umening'inia juu ya malisho, na ng'ombe walionekana miguu tu, kama meza zinazotembea. Nilicheka peke yangu. Upepo ulikuwa baridi, nami sikujali.

Mama Furaha akamega kipande cha jibini. "Saida, onja."

"Nimefunga, mama."

"Na maji?"

"Hata maji."

"Yesu wangu." Akainama kuelekea dirisha la dereva. "Kambale! Mutoto wa Waislamu hakunywa hata maji. Na weye Kwaresima yako iko wapi?"

"Miye niliacha pombe," Papa Kambale akajibu, mdomo umejaa muhogo.

"Tangu lini?"

"Tangu jana magharibi."

Masisi Centre, karibu na saa sita. Mama Furaha akashuka na jibini lake, akaniambia nimsalimie baba yangu, "ule mutu alitupotelea." Sisi tukaendelea. Huko mbele kila kitu kilikuwa kipya kwangu: migomba mirefu kuliko ya kwetu, maji mekundu barabarani, hewa inayozidi kuwa nzito kadiri tunavyoshuka. Nilikuwa nageuza shingo huku na huku, naogopa kupitwa na kitu.

Adhuhuri ikaingia. Nilitaka kumwambia Papa Kambale asimame nisali. Nikapanga maneno. Nikayapanga tena. Lori likapita kijiji, likapita kingine, na maneno yangu bado yalikuwa yamepangwa vizuri kabisa kichwani.

Kabla ya Nyabiondo lori lenyewe likasimama. Tope lilikuwa limemeza magurudumu ya nyuma. Wanaume wa lori wakashuka na majembe, na mimi nikatawadha kijitoni, nikatandika kitenge juu ya majani ya mgomba. Nilipotoa salamu, Papa Kambale alikuwa ananitazama, tope mpaka magotini.

"Kumbe ulikuwa unataka kusali?"

"Ndiyo, papa."

"Juu ya nini hukusema? Ningesimama tangu kule juu, kwenye majiwe. Huku chini ndipo shetani anaoshaka miguu."

Nikatazama chini.

"Mungu anajuaka bila kuambiwa," akasema, akirudi kwenye jembe. "Kambale, lazima umuambie."

Kashebere, alasiri. Papa alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake. Amepungua. Alinishika mabega akanigeuza kama mtu anayepima kitambaa. "Umekuwa murefu, Saida. Mama alikutuma nini?"

Hapo ndipo. Swali lenyewe lilikuwa limefunguliwa mlango.

"Anakusalimia," nikasema.

Ndivyo nilivyokuja kutoka Nyamitaba mpaka Kashebere kuleta salamu.

Nilifikia kwa Shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa Papa, nyumba ya pili kutoka dukani. Magharibi ilipokaribia aliweka uji, ndizi za kuchemsha na maji katikati ya mkeka. Papa naye alikuwa amekuja kufuturu. Halafu kila mtu akaondoka mkekani. Papa akageukia ukuta. Shangazi akaketi kwenye kizingiti cha jiko. Nyumbani kwake ni desturi: kabla ya adhana, kila mtu achukue pembe yake, aseme na Mola wake peke yake. Tunafundishwa kwamba dua ya aliyefunga, karibu na kufuturu, hairudishwi. Shangazi haachi saa hiyo ipotee siku hata moja.

Nilimsikia. Alikuwa anaomba kwa Kiswahili na Kihunde, sauti ya mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Akamshukuru Mungu, akamswalia Mtume, kisha akaanza: goti lake la kushoto, muhogo uliolowekwa usioze, mvua ingoje mpaka paa lizibwe. Na chumvi. Aliomba chumvi, wakati ndugu yake anauza chumvi nyumba ya pili!

Mimi nikafungua mikono. Kichwa kikawa cheupe. Ili nisionekane mjinga, nikasoma kwa sauti dua ya kwanza iliyonijia.

Shangazi akageuka. "Saida, iyo ni ya kulala."

Papa akaanza kutikisika kule ukutani.

"Unataka tulale na njaa?" Shangazi akasema. "Uji uko hapa, mutoto anatupeleka ku kitanda."

Nilitamani mkeka unimeze. Lakini tulipomaliza kula, Shangazi aliniita jikoni tuoshe vyombo, na huko hakucheka.

"Ile ya Kiarabu shika vizuri, ni ya Mtume wetu. Lakini sema na yako. Weye unahitaji nini?"

"Mungu anajua, shangazi."

"Anajua. Na miye najua kama uko na njaa, lakini nitafurahi ukiniambia 'shangazi, niongeze.' Anapenda kuombwa. Tunafundishwa tumuombe hata chumvi, hata kamba ya kiatu ikikatika. Anza na kidogo."

Siku zilizofuata nilikuwa na pembe yangu nyuma ya jiko, kati ya kuni na mbuzi wa Shangazi. Mara ya kwanza niliomba nguo nilizofua zikauke. Niliona aibu, kama nimemsumbua Mfalme kwa sababu ya soksi. Kesho yake niliomba mtihani wa hesabu. Kesho yake tena nikasema, "Ee Mola wangu, Mama analala upande mmoja wa kitanda, ule mwingine anaweka nguo zilizokunjwa." Sijui neno hilo lilitoka wapi. Sikuwa nimewahi kulisema hata kwa nafsi yangu. Baada ya hapo maneno yakaja yenyewe, ya Kiswahili, ya Kihunde, mengine bila mpango, na mbuzi ananitazama. Nikawa naingojea saa ile tangu mchana. Nisijisifu, siku moja nilisahau hata njaa, nikalia na kufurahi pamoja. Kila siku nilimalizia na ombi moja: nipe kinywa.

Siku ya mwisho kabla ya kurudi, baada ya alasiri, Papa alikuwa anapima mawese dukani. Nikamsogelea. Nikasema kabla sijapanga.

"Papa, kuya ku nyumba, urudi kwetu."

Hakuinua macho. "In shaa Allah."

Ninaijua hiyo. Kwetu watu wazima huitumia kufunga mlango bila kelele. "Hapana, papa. Miye nakuomba. Kuya Idi. Kuya sasa."

Akaweka chupa chini.

"Nilisema nitarudia na mabati ya nyumba," akasema. "Mabati haiko. Mutu anarudia na nini?"

"Na miguu."

Akafuta mikono kwa kitambaa. "Unajua, munapigaka simu: chumvi imeisha, sabuni imeisha, Saida anatafuta kiatu. Yote mulinituma. Hakuna siku mutu alisema 'kuya.' Nikafikiri nyinyi munahitaji tu chumvi."

"Sisi tulifikiri unajua."

"Sikujua," Papa akasema, akarudi kupima, na mafuta yakamwagika nje ya chupa.

Asubuhi ya kurudi. Lori la Papa Kambale lilinguruma mbele ya duka. Nilipanda, nikamuaga Shangazi. Papa alikuwa anafunga kamba za mizigo. Nilijiambia, basi, nimeomba, yamebaki kwa Mwenyewe. Ndipo nikamwona anampa Shangazi ufunguo wa duka, anatupa mfuko wake juu ya magunia, anapanda na kuketi kando yangu kama abiria yeyote.

"Unasogea ao nitakaa juu yako?" akasema.

Nyabiondo, adhuhuri. Nilipiga paa la lori kwa kiganja. "Papa Kambale! Simama, tunataka kusali."

Lori likasimama pale pale, kwenye majiwe makavu. "Aksanti Bikira Maria," akasema Papa Kambale, "mutoto iko na sauti." Papa akaongoza sala, mimi nyuma yake, na nikakaa muda mrefu baada ya salamu. Safari hii nilikuwa na shukrani nyingi, na hakuna aliyenihimiza.

Nyamitaba, magharibi. Mama alikuwa nje na sinia. Alimwona Papa akishuka kwenye lori, akalishikilia lile sinia kifuani kwa mikono miwili. Akaingia ndani, na nilimsikia anatoa zile nguo kitandani.

Kabla ya adhana niliwaambia habari ya pembe za Shangazi, na kila mmoja akachukua yake. Midomo ya Mama ilikuwa inatembea, na sikuweza kujizuia kuitazama. Tulipokwisha kunywa maji nikamwuliza kama siku zote hizi alikuwa anaomba Papa arudi.

"Iyo niliombaka zamani," Mama akasema, akinimiminia uji. "Ramadani hii nilikuwa naomba ingine. Nilimuomba Mungu akufungue kinywa. Unafikiri nilikutuma weye juu ya nini?"

Nikashusha macho kwenye kikombe. Halafu nikayainua.

"Mama," nikasema, "niongeze."